Blero ya Mzee: Linda Mpini, Badilisha Manyoya

Fungua siku moja sanduku la mzee wa nyumba yenu, lile linalolala chini ya kitanda. Ndani yake kuna vyeti vya kazi, picha za ndoa, saa isiyotembea tena, na mara nyingine kuna blero. Blero ni ile brosi ndogo ya kupakaa sabuni juu ya ndevu mbele ya kunyoa. Mpini wake ungali mzuri. Lakini manyoya yamelegea, mengine yameanguka, na harufu yake ni ya nyumba iliyofungwa miaka mingi.

Hapo jamaa inagawanyika. Kijana anasema, "Tutupe hii kitu, ku soko kuko jileti za kutupa." Mama anajibu, "Hapana, ni ukumbusho wa baba." Na mjomba, yeye, haulizi mtu: anaitia ndani ya maji ya moto, anapaka sabuni, anaanza kunyoa.

Nani ana haki? Mama ana haki, lakini nusu tu. Mjomba anajitia katika hatari asiyoijua. Na kijana anatupa kitu ambacho kingeweza kumtumikia miaka mingi. Kuna njia ya nne. Mpini wa jembe ukivunjika hatutupi jembe, tunatia mpini mpya. Kwa blero ni kinyume: mpini unabaki, na kile kinachofanya kazi ndicho kinabadilishwa. Mpini ni ukumbusho, tuulinde. Manyoya ni chombo cha kazi, yakichoka tuyaondoe bila majuto.

BLERO INAFANYA KAZI GANI?

Vijana wengi hawajaona blero ikitumika. Wanalowesha uso kidogo, wanapitisha wembe, basi. Kisha wanauliza kwa nini shingo imejaa vipele.

Nywele ya ndevu ikiwa kavu ni ngumu. Ikilowa maji ya moto kidogo kwa dakika mbili ao tatu inalainika, na wembe unaikata bila kuivuta. Hapa blero inasaidia kwa njia tatu: inashika maji, inageuza sabuni kuwa povu zito, na kwa kuzungushwa juu ya uso inainua nywele zilizolala. Kwa sisi wenye ndevu za kujikunja jambo hili lina maana sana. Nywele iliyokatwa kwa kuvutwa inarudi chini ya ngozi, inapinda, inaingia ndani ya nyama, na kipele kinaota. Blero peke yake haiponyi vipele. Lakini povu nzuri, wembe mkali, na kunyoa kwa kufuata upande ambao nywele zinaelekea, bila kurudia mara nyingi, vinavipunguza.

Kwa jamaa za mgodi kuna sababu nyingine. Ile maski ya kuzuia vumbi ao gesi, inayobana uso, haifungi vizuri juu ya ndevu. Hewa mbaya inapita katikati ya nywele na kuingia mpaka ndani ya mapafu. Basi mtu wa kazi ananyoa kwa ajili ya urembo, ndiyo, lakini ananyoa pia kwa ajili ya pumzi yake. Shika neno hili la maski, maana ndilo lililoleta msiba tutakaoeleza sasa.

HATARI ILIYOJIFICHA NDANI YA MANYOYA

Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, gesi ya sumu ilitumiwa vitani. Askari walipewa maski, na ili maski zibane uso walipaswa kunyoa. Majeshi yakahitaji blero nyingi sana. Lakini vita ilikuwa imekata njia za zamani za biashara. Manyoya mazuri yakawa haba, na watengenezaji wakatumia manyoya ya farasi kutoka Asia, wakiyatia rangi yafanane na yale ya bei kali. Mengine hayakusafishwa kwa dawa ginsi ilivyotakiwa.

Manyoya yale yalibeba kimeta. Huu ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi, kondoo, farasi na wanyama wengine, na Wafaransa wanauita charbon, maana yake makaa, juu kidonda chake kinakuwa na ngozi nyeusi katikati. Mtu alijikata kidogo kwa wembe, blero ikapita juu ya mkato, na ugonjwa ukaingia. Kati ya 1915 na 1924 watu zaidi ya 200, askari na raia wa Uingereza na Marekani, walipata kimeta kwa njia ya blero, na wengine walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilikataza blero za kutoka Japani kuingia nchini mwake.

Utasema, "Hayo ni mambo ya zamani." Ni kweli, lakini kimeta hakihesabu miaka kama sisi. Mbegu zake zinajifunga ndani ya ganda gumu na kulala bila kula wala kunywa. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu silaha ya kimeta juu ya kisiwa kidogo cha Scotland kiitwacho Gruinard. Kisiwa kile kilibaki kimefungwa kwa watu. Kilisafishwa kwa dawa mwaka 1986, na mwaka 1990 tu ndipo ilitangazwa kwamba hakina hatari tena. Hesabu mwenyewe: ni miaka 48. Na ugonjwa huu haukwenda mbali na sisi. Aprili 2025 uliua viboko 50 hivi ao zaidi katika mbuga ya Virunga, upande wa mto Ishasha, huku kwetu Kongo.

Tusiogopeshane bure. Hatari ya kupata kimeta leo kutoka blero ya zamani ni ndogo sana. Lakini haiko sifuri, na uso wako hauna cha kupata kwa kucheza nayo. Mwaka 2017 wataalamu wa afya wa Marekani walioandika juu ya habari hii walitoa shauri hili: blero yenye manyoya ya mnyama iliyotengenezwa mbele ya 1930 isitumiwe, na mtu asijaribu kuisafisha mwenyewe nyumbani. Kuichemsha ndani ya sufuria si hakikisho. Na zile dawa kali zinazoua mbegu za kimeta zinaweza kumdhuru pia yule anayezitumia.

Basi tuweke sheria tatu za nyumba.

Ya kwanza: blero ikiwa na manyoya ya mnyama, na ikiwa ya mbele ya 1930, ao hamjui miaka yake hata kidogo, isinyoe mtu, tena isikatwe manyoya nyumbani. Itieni ndani ya mfuko wa plastiki, fungeni, wekeni kama ukumbusho mahali watoto hawafiki. Ile nyingine, ambayo mnajua kwa hakika kwamba baba aliinunua ikiwa mpya katika miaka ya 1950, 1960 ao nyuma yake, hiyo mnaweza kuitengeneza.

Ya pili: usidanganywe na neno moja. Blero nyingi za Marekani za zamani zina neno "Sterilized" lililopigwa juu ya mpini, maana yake imesafishwa kwa dawa. Lilitiwa ili kutuliza wanunuzi nyuma ya msiba ule. Neno juu ya mpini si cheti cha munganga.

Ya tatu: mtu aliyetumia blero ya namna ile, kisha akaona kidonda kisichouma, chenye uvimbe kando yake na weusi katikati, asingojee wala asipake majani. Aende hospitali siku ile ile na aeleze habari ya blero. Kimeta cha ngozi kinapona kwa dawa za antibiotiki kikitibiwa mapema.

TAMBUA MPINI WAKO

Mbele ya kushika chombo chochote, ujue mpini ni wa kitu gani. Kila kitu kina tabia yake.

Mti: hauchukui maji ya moto wala mvuke, unapasuka.

Pembe ya ng'ombe na mfupa: vinapenda mkono mwepesi. Ukiviloweka masaa mengi vinapinda na kufunguka.

Pembe ya ndovu: uiache ginsi ilivyo. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1989 yalifunga biashara yake kati ya nchi na nchi, na sheria hiyo ilianza kutumika 1990. Isinunuliwe, isiuzwe, na isipelekwe kwa mgeni kama zawadi.

Bakelite: hii ni plastiki ngumu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa dawa za kiwanda. Aliyeivumbua ni Leo Baekeland, mtu wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate moto. Utasikia harufu kali kama ya dawa ya hospitali. Kuna ndugu yake ya rangi za kupendeza, Catalin. Mpini mweupe wa Catalin unageuka manjano kama siagi kwa miaka, na watu wengine wanaipenda rangi hiyo kuliko ile ya kwanza.

Seluloidi: hii jihadhari nayo. Ukiisugua inanuka kama kamfori. Inawaka moto upesi sana. Usiipeleke karibu na makala, mshumaa ao mashini inayotoa moto.

KUTOA MANYOYA YALIYOCHOKA

Manyoya ya blero hayakupandwa moja moja. Yamefungwa pamoja kwa chini, yakatiwa kole, yakawa kama kizibo kimoja. Kizibo hicho pamoja na manyoya yake tutakiita fundo. Fundo linaingia ndani ya tundu la mpini na kushikwa na kole. Kazi yako ni kutoa fundo la zamani bila kupasua mpini.

Vaa glavu za mpira na maski. Tumika inje ya nyumba, mbali na jiko na watoto. Lowesha manyoya kwa maji ya sabuni, yasitoe vumbi. Kata kwa makasi karibu na mdomo wa mpini. Yaliyokatwa yatie ndani ya mfuko, ufunge, uzike.

Kisha zunguushia mpini kitambaa kinene, uufunge ndani ya etau, usikaze sana. Anza kutoboa katikati ya fundo kwa msumari mdogo wa mashini ya kutoboa, polepole, ukienda ukiongeza unene wa msumari. Usifike kando. Acha pete nyembamba ya kole na manyoya ikizunguka tundu, kisha iondoe kwa kisu kidogo, kipande kwa kipande. Mwisho sugua ndani kwa karatasi ya msasa iliyofungwa juu ya kijiti. Mashini ikianza kunuka moto, simama, ngojea ipoe. Kazi hii inaweza kukaa saa moja ao mbili. Mtu wa mbio ataitoboa mpaka ng'ambo, na ukumbusho wa mzee utageuka vipande.

Kama huna mashini, mpelekee fundi wa atelie. Lakini umweleze vizuri: ni tundu tu linalosafishwa, mpini usiguswe.

KUSAFISHA MPINI

Wengi wanapenda mpini ung'ae kama mpya. Mimi ninasema: safisha uchafu, lakini usifute historia. Kama kuna jina la kiwanda ao herufi za jina la baba, usipitishe msasa hapo.

Anza kwa maji ya vuguvugu, sabuni nyepesi na mswaki laini wa zamani. Mara nyingi hiyo inatosha. Kama mikwaruzo ni mingi, tumia karatasi ya msasa ya maji, anza namba 400, kisha 600, 1000, na mwisho 2000, ukilowesha kila wakati. Kwa Bakelite usisugue kavu hata kidogo, juu nyingine zilichanganywa na amianti, na unga wake ni mbaya kwa mapafu. Sisi wa migodi hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha ubaya wa vumbi. Kwa kumaliza, dawa ya meno nyeupe juu ya kitambaa laini inang'arisha plastiki vizuri. Mti unataka kupakwa vernis nyepesi mara tatu ao ine, kila mara ikauke kwanza.

KUCHAGUA FUNDO JIPYA

Mafundo yanauzwa peke yake bila mpini, na mtu anaweza kuagiza kwa intaneti ao kumtuma ndugu anayesafiri. Kuna aina ine kubwa.

Ya kwanza ni manyoya ya mnyama aliyeipa blero jina lake. Kwa Kifaransa blaireau ni mnyama wa Ulaya na Asia anayechimba mashimo, wa jamaa moja na nyegere wetu. Manyoya yake yanashika maji mengi na ncha zake ni laini. Bei yake ni kali. Wauzaji wanayapanga kwa majina mengi ya kusifu, lakini hakuna sheria moja inayofunga majina hayo: yale kiwanda kimoja kinayaita bora sana, kingine kinayaita ya kati. Katika Uingereza mnyama huyu analindwa na sheria ya mwaka 1992, na manyoya mengi ya blero leo yanatoka China.

Ya pili ni manyoya ya nguruwe. Ni magumu na ya bei ndogo. Yanataka kuloweshwa dakika chache mbele ya kazi, na yanataka subira: mwanzoni yanachoma uso, lakini nyuma ya majuma kadhaa ncha zake zinapasuka na kuwa laini. Waitalia na Wareno wamezoea aina hii sana. Inafaa kwa sabuni ngumu ya kipande.

Ya tatu ni manyoya ya farasi, yanayotoka ku mkia na ku shingo. Yako katikati ya hizo mbili kwa ugumu na kwa bei. Farasi anakatwa manyoya na kubaki mzima, na watu wengine wanayachagua kwa sababu hiyo. Farasi aliyeleta msiba wa 1915 hakuwa mbaya kuliko wanyama wengine. Kosa lilikuwa la watu waliouza manyoya bila kuyasafisha. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, wala si manyoya yasiyo na jina.

Ya ine ni nyuzi za kiwanda. Zile za kwanza za nailoni zilikuwa ngumu kama ufagio, na ndiyo sababu wazee wanazidharau. Za leo ni habari nyingine: laini, hazitaki kuloweshwa, zinafanya povu kwa sabuni kidogo, na zinakauka upesi. Hazina kimeta, hazina harufu ya mnyama, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya blaireau.

Uchague nini? Kama blero inakaa ndani ya nyumba yenye unyevu miezi yote ya mvua, ao kama feza ni kidogo, nyuzi za kiwanda zinafaa. Hazitaliwa na wadudu wala kuoza upesi. Kama unapenda kitu kinachofanana na kile baba alichotumia, na una mahali pakavu pa kukitundika, chukua blaireau ao nguruwe. Usichague kwa kujionyesha. Uso haujui bei.

KIPIMO: HAPA WATU WANAHARIBU FEZA

Fundo linauzwa kwa vipimo viwili: upana wa chini na kimo cha manyoya. Upana wa kawaida ni milimita 20, 22, 24, 26 na 28.

Pima tundu kwa kile kipimo cha chuma chenye meno mawili kinachotumiwa na mafundi wa mekanika. Rula ya shule inadanganya. Pima upana mara tatu, kisha pima urefu wa kwenda chini. Fundo linapaswa kuingia bila kusukumwa, na nafasi ya nusu milimita hivi kila upande kwa ajili ya kole. Tundu la milimita 23 linachukua fundo la 22. Kwa kutia fundo la 24 utahitaji kupanua tundu, na hapo angalia kwanza kama ukuta wa mpini ni mnene.

Kisha kimo. Tunahesabu manyoya yanayoonekana juu ya mpini tu. Kimo kikiwa kifupi, blero ni ngumu na inasukuma uso. Kikiwa kirefu, ni laini lakini inalala kama majani yaliyopigwa na mvua. Kwa blaireau na nyuzi za kiwanda, zidisha upana kwa mbili na kidogo. Fundo la 24 linapenda kimo cha 50 hivi. Manyoya ya nguruwe yanaachwa marefu zaidi, juu ni magumu kwa asili yake.

Chukua mfano. Fundo lako ni la 24, na kutoka chini ya kizibo mpaka ncha ni milimita 65. Unataka 50 zionekane juu. Basi 15 zitazama ndani ya mpini. Lakini tundu lako lina urefu wa 20. Ukilitia hivyo, litazama sana, na utabaki na 45 tu. Fanya nini? Kata kijiti cha mviringo chenye unene wa milimita 5, ukiweke chini ya tundu kama kiti. Fundo litakaa juu yake, na hesabu imetimia. Watoto wenu wa shule ya msingi wanaweza kufanya hesabu hii. Waiteni wakae karibu.

Kuna pia umbo la juu. Fundo lenye kichwa cha mviringo kama ampuli ya umeme linafaa kwa mtu anayefanya povu moja kwa moja juu ya uso. Lile lililofunguka kama upepeo linafaa kwa yule anayefanya povu ndani ya bakuli. Yote mawili yananyoa.

KUBANDIKA

Tia kwanza fundo bila kole. Ligeuze, liangalie kutoka kila upande: limesimama sawasawa? Kimo ni kile ulichotaka? Wengi wanaruka hatua hii, na kole ikikauka hakuna kurudi.

Kisha changanya ile kole ya mirija miwili isiyoogopa maji, kama Araldite. Paka kidogo chini ya tundu na kando zake. Usijaze. Kole ikizidi itapanda ndani ya manyoya na kuyafanya magumu kama mti. Ingiza fundo ukilizungusha taratibu. Ile inayotoka juu ifute upesi. Simamisha blero wima masaa 24 bila kuigusa. Fundi anayefikiri kwamba mjukuu naye atabadilisha manyoya siku moja anatumia silikoni mahali pa kole ngumu, juu silikoni inatoka kwa urahisi.

Mbele ya kunyoa kwa mara ya kwanza, osha fundo jipya kwa sabuni na maji ya vuguvugu mara mbili ao tatu. Manyoya machache yataanguka siku za kwanza. Hiyo ni kawaida. Yakiendelea kuanguka mwezi mzima, fundo lilifungwa vibaya.

KUTUNZA

Nyuma ya kunyoa, osha blero mpaka maji yatoke safi, ikung'ute, itundike manyoya yakiangalia chini ao isimamishe mahali penye hewa. Usiifunge ndani ya kikopo ikiwa bado na maji. Usitumie maji yanayochemka: yanalegeza kole na kuharibu manyoya. Blero iliyotunzwa hivyo inaweza kudumu miaka kumi na zaidi.

Na jambo la mwisho, wazazi, liandikeni juu ya ukuta kama mnaweza: wembe mmoja, mtu mmoja, blero moja, mtu mmoja. Mkato mdogo usioonekana unatosha kupitisha damu. Virusi vya sida na vya ugonjwa wa ini vinaweza kupita kwa wembe ulioazimwa. Blero iliyogusa damu ya mwingine nayo haifai kugusa ngozi yako. Kijana akianza kuota ndevu, msimwazime vya baba. Mpeni vyake.

Kama mzee ameacha blero na watoto wa kiume ni watatu, msigombane. Mmoja achukue mpini wa mzee na kuutengeneza kama tulivyoeleza. Wale wawili wachongewe mipini mipya na seremala wa mtaa, wa mti mgumu uliokauka vizuri, wenye tundu la milimita 24, na kila mmoja anunue fundo lake. Hapo hakuna aliyenyimwa, na kila mmoja atanyoa kwa blero safi.